Mjadala: Je, Mbwa Humjengea Afya Mwenye Kumfuga?

MWENYE MBWA: Mbwa mzima hawezi kukaa ndani kutwa. Ana haja za kutimiza, ana pua inayotaka kujua nani kapita njiani usiku, na ana misuli inayodai kunyooshwa. Asubuhi husimama mlangoni, mkia ukipiga ukuta, na haondoki hapo mpaka mwenye nyumba avae viatu. Afya ya mwenye mbwa huanzia kwenye usumbufu huo mdogo. Watu wengi hujiapiza Januari kwamba watatembea nusu saa kila siku, na Februari ikifika viatu vya mazoezi vimeshaota vumbi. Mwenye mbwa hana nafasi ya kujisamehe hivyo, kwa sababu anayemdai yuko macho na haelewi maana ya kesho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 25 za kumtembeza mbwa kila siku ni dakika 175 kwa wiki, bila ada ya ukumbi wa mazoezi na bila kifaa chochote zaidi ya kamba.

MTAALAMU WA AFYA: Dakika hizo huhesabika ikiwa ni za mazoezi kweli. Mazoezi ya wastani ni yale yanayopandisha mapigo ya moyo kiasi kwamba mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Mbwa hatembei hivyo. Huenda hatua kumi, akasimama kwenye nguzo ya umeme, akanusa, akainua mguu, kisha akarudi kuhakikisha. Anayemshika kamba husimama naye. Nusu saa ya mwendo wa namna hiyo hubakiza dakika chache tu za kutoa jasho, na mtu asiye na mbwa angeutembea umbali uleule kwa kasi zaidi na kuufaidi zaidi.

MWENYE MBWA: Angeutembea, lakini hautembei. Huo ndio ubishi wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichunguza kaya 385 za Cheshire, Uingereza, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019. Waligundua kwamba uwezekano wa wenye mbwa kutimiza dakika 150 kwa wiki ulikuwa mara nne ya ule wa watu wasio na mbwa. Lililo muhimu zaidi ni kwamba matembezi ya mbwa hayakuchukua nafasi ya mazoezi mengine. Wenye mbwa walitembea, na bado walikimbia na kuendesha baiskeli kama wengine. Kuhusu kunusa, mbwa hufundishika: dakika tano za mwanzo ni zake, anuse atakavyo, kisha kamba hufupishwa na mwendo ukaanza.

MTAALAMU WA AFYA: Utafiti huo unaonyesha kwamba mbwa na mazoezi hukaa nyumba moja. Hauonyeshi nani alimleta mwenzake. Mtu anayependa kutembea ndiye mwenye sababu ya kutafuta mbwa, na mtu mgonjwa wa magoti ndiye anayemkataa. Mwaka huohuo wa 2019, watafiti wa Sweden waliangalia jozi zaidi ya 35,000 za mapacha ili kujua kwa nini baadhi ya watu hufuga mbwa na wengine hawafugi. Walipata kwamba zaidi ya nusu ya tofauti hiyo ilielezwa na urithi wa damu. Ikiwa mtu huzaliwa na mwelekeo wa kupenda mbwa, huenda mwelekeo huohuo umekuja pamoja na mwili mwepesi au moyo wa kupenda kutoka nje. Afya inayosifiwa kuwa ya mbwa huenda ilikuwapo kabla mbwa hajafika.

MWENYE MBWA: Urithi ukieleza zaidi ya nusu, bado kuna sehemu kubwa isiyoelezwa nao, na maisha ya kila siku yamo humo. Sweden hiyohiyo ina ushahidi mwingine. Huko kila mbwa husajiliwa kwa sheria, na mwaka 2017 watafiti walilinganisha sajili za mbwa na sajili za hospitali na vifo kwa watu milioni 3.4 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, kwa kipindi cha miaka 12. Miongoni mwa watu wanaoishi peke yao, hatari ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa chini kwa asilimia 33 kwa waliofuga mbwa kuliko wasiofuga. Kwa waliokuwa na familia nafuu ilikuwapo, ila ndogo. Tofauti hiyo ina maana yake. Katika nyumba ya watu watano, mbwa hutolewa nje na yeyote aliye karibu. Katika nyumba ya mtu mmoja, mtoaji ni mmoja tu, mvua inyeshe isinyeshe.

MTAALAMU WA AFYA: Watafiti hao wenyewe walitahadharisha kwamba sajili haziwezi kuthibitisha chanzo. Na pale mbwa alipoingizwa kwenye mpango maalumu wa kupunguza uzito, matokeo hayakuwa ya ajabu. Huko Chicago, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwaweka watu wanene kwenye mpango wa lishe na mazoezi wa mwaka mzima, baadhi peke yao na baadhi pamoja na mbwa wao wanene. Makundi yote mawili ya watu yalipungua takribani asilimia tano ya uzito. Mbwa hakuwaongezea wenzake ushindi wowote kwenye mizani.

MWENYE MBWA: Mizani haisemi yote. Katika utafiti huo, karibu theluthi mbili za mazoezi ya waliokuwa na mbwa yalifanywa pamoja na mbwa wao. Mbwa ndiye alikuwa mwenza wa mazoezi, na mwenza huyo alipungua uzito pia. Kundi la pili lilihitaji kutafuta sababu nyingine ya kutoka nje.

DAKTARI WA MIFUGO: Ubishi huu umeegemea mno mbwa wa Ulaya na Marekani. Katika miji ya Kenya na Tanzania, mbwa wengi wa nyumbani ni walinzi. Getini pameandikwa "Mbwa Kali", na nyuma ya geti mbwa hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku azunguke ua. Hajawahi kuvishwa mkanda wa shingoni. Hajui kutembea kando ya mtu. Chakula chake ni ugali na dagaa au makombo ya mezani, na mwenye nyumba humwona akiingia na akitoka na gari. Mbwa wa namna hii hamjengei mtu yeyote afya, na yeye mwenyewe hana. Kucha humrefuka, misuli ya miguu ya nyuma hunyauka, na ukali wake mara nyingi ni wa kiumbe kisichoona chochote zaidi ya ukuta. Swali la kwanza basi ni kama mbwa anatoka nje ya geti kabisa.

JIRANI: Na akitoka, nani ameshika kamba? Katika mitaa ya kuta ndefu, Runda na Muthaiga huko Nairobi, Masaki na Oysterbay huko Dar es Salaam, saa kumi za jioni mbwa wakubwa wazuri huonekana barabarani wakitembezwa. Wanaowatembeza ni watunza bustani, walinzi na wafanyakazi wa ndani. Mtu huyo ameshatembea kwa miguu asubuhi kutoka anakoishi, amekata nyasi, ameosha magari, na sasa anaongezewa kilomita tatu za kuvutwa na mbwa wa kilo arobaini. Mwenye mbwa yuko ofisini, ameketi tangu asubuhi. Ikiwa kutembeza mbwa ni dawa ya moyo, dawa hiyo imenunuliwa na mmoja na kunywewa na mwingine ambaye hakuwa akiumwa.

MWENYE MBWA: Hilo ni kweli kwa nyumba hizo, na ni jambo la kusikitisha. Lakini si nyumba zote. Wapo walimu, wauguzi na wastaafu wanaofuga mbwa mmoja wa kienyeji na kumtoa wenyewe. Mwishoni mwa wiki, katika Msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania usigawiwe wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990, familia huonekana zikitembea na mbwa wakiwa kwenye kamba. Na mwenye kazi ya ofisini anaweza kurekebisha mambo bila gharama: amwachie mfanyakazi zamu moja ikiwa lazima, naye abaki na ya alfajiri.

JIRANI: Akiamka.

DAKTARI WA MIFUGO: Kuna sababu ya kitabibu ya mwenye mbwa kushika kamba mwenyewe. Anayetembea na mbwa kila siku ndiye anayemjua. Huona siku ya kwanza mbwa akichechemea, huona amekataa kupanda kilima alichokipanda juzi, hugusa uvimbe chini ya ngozi ukiwa bado mdogo. Wanaoletwa kliniki wakiwa wamechelewa aghalabu ni mbwa ambao hakuna mtu mmoja anayewatazama kwa makini.

MTAALAMU WA AFYA: Tuseme nia ipo. Njia iko wapi? Barabara nyingi za mitaani hazina sehemu ya waenda kwa miguu. Bodaboda hupita pande zote mbili, mitaro imeachwa wazi, na kila kona ina mbwa koko wanaolinda himaya yao. Karura ni nzuri, lakini kuna kiingilio, na mtu wa Rongai au Kayole hawezi kufika huko kila alfajiri na mbwa kwenye matatu. Cheshire kuna vijia vya mashambani vilivyolindwa kisheria kwa ajili ya watembeao. Kuhamisha matokeo ya kule hadi hapa ni kusahau kwamba huko ardhi yenyewe inamsaidia mtu kutembea.

MWENYE MBWA: Ndiyo maana njia ya mwenye mbwa wa mjini huwa fupi na ya kurudiarudia. Mizunguko minne ya mtaa mmoja wenye geti ni mwendo kama mwingine. Uwanja wa shule Jumapili, kwa ruhusa ya mlinzi, unatosha kukimbia. Na yapo mazoezi yasiyohitaji barabara. Kurusha mpira uani na kuufuata mbwa anapokataa kuurudisha. Kuvutana kamba, zoezi linalofanyisha kazi mikono, mgongo na mapaja. Kusugua banda. Kumwosha mbwa mkubwa asiyependa maji, kuchuchumaa na kuinuka mara kwa mara ukimtafuta kupe katikati ya vidole vyake na ndani ya masikio. Mwongozo uleule wa 2020 unataka mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na watu wengi wanaotembea kila siku husahau sehemu hiyo. Wenye kupenda kukimbia hukimbia na mbwa. Ulaya kuna mchezo mzima, kanikrosi, ambapo mkimbiaji hufunga mkanda kiunoni na kuunganishwa na mbwa kwa kamba inayonyumbuka. Asili yake ni mazoezi ya mbwa wa kuvuta sleji wakati theluji haipo.

DAKTARI WA MIFUGO: Hapo pana hatari, na si kwa mtu peke yake. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, na joto lake hulitoa hasa kwa kuhema, ulimi nje. Katika unyevunyevu wa Mombasa au Dar es Salaam, kuhema hakumpozi vya kutosha, kwa kuwa hewa imeshajaa maji. Mbwa aliyepelekwa mbio saa tatu asubuhi anaweza kuanguka na kufa siku hiyohiyo, hasa wale wenye pua fupi iliyobonyea. Lami nayo huunguza nyayo. Kipimo rahisi ni kuweka mgongo wa mkono juu ya barabara. Usipovumilia kwa sekunde saba, mbwa asipitishwe. Pwani, saa za kutembea ni alfajiri na baada ya magharibi. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa asikimbizwe umbali mrefu kabla mifupa yake haijakomaa, jambo linalochukua mwaka mmoja na zaidi. Mbwa aliyeshiba apumzishwe kwanza, maana mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupata ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda, na huo huua haraka. Na mbwa aliyelala bandani miaka miwili aanze kwa dakika kumi na tano, sawa na mtu aliyekaa ofisini muda huohuo. Kwa hili wawili hao wako hali moja.

MTAALAMU WA AFYA: Hatari ya mtu nayo imeandikwa. Jarida la JAMA Surgery lilichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa watu wa Marekani wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliovunjika mifupa wakitembeza mbwa walio kwenye kamba. Makadirio yalipanda kutoka 1,671 mwaka 2004 hadi 4,396 mwaka 2017. Wengi wao walikuwa wanawake, na mfupa uliovunjika mara nyingi zaidi ulikuwa wa nyonga. Mzee aliyevunjika nyonga huweza asirudi tena kwenye maisha aliyokuwa nayo. Kwa hiyo mtu yuleyule anayeambiwa kwamba mbwa atamrefushia maisha ndiye ambaye mbwa akimvuta mara moja ghafla anaweza kumfupishia.

DAKTARI WA MIFUGO: Ajali nyingi za namna hiyo zinazuilika. Kamba isizungushwe mkononi, kwa sababu mbwa akiruka hakuna njia ya kuiachia. Kamba iwe ya urefu usiobadilika, mita moja na nusu hivi. Zile zinazojivuta na kurefuka humpa mbwa nafasi ya kuchomoka kwa kasi kabla ya kufika mwisho wake. Viatu viwe vya kushika ardhi, ndara zibaki nyumbani. Zaidi ya yote, mbwa afundishwe kukaa, kusubiri na kutembea kando ya mtu akiwa bado mdogo. Mbwa anayevuta ni mbwa asiyefundishwa. Mzee naye achague mbwa anayelingana na nguvu zake. Mbwa wa kienyeji wa kilo kumi na tano, mtulivu, aliyekwisha kukua, humfaa kuliko mtoto wa mbwa wa polisi aliyepewa zawadi na mwanawe wa mjini.

MWENYE MBWA: Kwa wazee hasa, faida haiko miguuni tu. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 2003 kwamba mtu akimpapasa mbwa kwa utulivu, shinikizo la damu hushuka, na homoni ya oksitosini, inayohusishwa na upendo na utulivu, hupanda kwa mtu na kwa mbwa pia. Mwaka 2015 watafiti wa Japani waliona homoni hiyohiyo ikipanda pale mbwa na bwana wake walipotazamana machoni. Mjane aliyebaki peke yake baada ya watoto kuhamia mjini ana sababu ya kuamka, kupika na kusema maneno kwa sauti. Na akitoka na mbwa, watu humsimamisha wakamwamkia, wakauliza mbwa anaitwa nani.

JIRANI: Hapa watu hawasimami. Huvuka barabara. Mtoto hupiga kelele na kukimbia, na mbwa hupenda kufukuza kinachokimbia. Hofu hiyo isichukuliwe kuwa ujinga. Katika vijiji na mitaa mingi kuna mtu aliyemjua mwingine aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, na kifo hicho hakisahauliki. Kisha lipo suala la pwani, ambalo wazungumzaji wengine wamelipita. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mate ya mbwa ni najisi nzito. Nguo au chombo kikiguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Daktari amesema saa njema ya mbwa pwani ni alfajiri. Saa hiyohiyo, katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ambamo watu wawili hupishana kwa shida, waumini wako njiani kwenda msikitini wakiwa na udhu na kanzu safi. Mbwa mwenye furaha akimrukia mmoja, sala ya mtu huyo imevurugika. Afya ya mmoja imepatikana kwa kuichafua ibada ya mwingine.

MWENYE MBWA: Dini hiyohiyo haikumharamisha mbwa. Hadithi zinaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda mazao, na Kurani, katika sura ya Al-Maida, inahalalisha kuliwa kwa kilichokamatwa na mbwa aliyefunzwa kuwinda.

JIRANI: Kuwinda, kuchunga, kulinda. Kupunguza kitambi hakumo.

MWENYE MBWA: Mlinzi aliyedhoofika halindi. Mbwa wa ulinzi anahitaji kutembezwa ili afanye kazi aliyoruhusiwa, na anayemtembeza hupata thawabu ya mwili wake mwenyewe njiani. Hata hivyo hoja ya kichochoro haina jibu zaidi ya adabu. Mwenye mbwa ndiye anayetakiwa kupisha. Afupishe kamba, asimame kando mpaka watu wapite, au atoke baada ya swala ya alfajiri kwisha. Aende ufukweni maji yakiwa yamekupwa, ambako mchanga ni mgumu, hakuna lami na kuna nafasi ya kila mtu.

JIRANI: Na kinyesi?

MWENYE MBWA: Kiokotwe. Mfuko mmoja wa ziada mfukoni, kila safari.

DAKTARI WA MIFUGO: Masuala ya kinyesi na kichaa cha mbwa hayawezi kuachwa kwenye adabu pekee. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na takribani asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishatokea, tiba hakuna. Lakini kinga ipo na imethibitika karibu kabisa na hapa. Huko Pemba, chanjo ya mbwa kwa wingi ilikomesha ugonjwa mwaka 2014. Ulirudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, na kampeni nyingine ikaukomesha tena mwaka 2018. Inatakiwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili mnyororo wa maambukizi ukatike. Kwa hiyo mbwa yeyote anayetoka nje ya geti awe na cheti cha chanjo: ya kwanza akifikisha miezi mitatu, kisha ya kurudia kila mwaka. Mtu aliyeumwa na mbwa, hata mbwa anayemjua, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asipake mafuta ya taa wala majani. Minyoo nayo ina madhara makubwa. Turkana inajulikana kwa kiwango kikubwa cha ugonjwa wa hidatidi, ambao hutokea mbwa wanapokula maini na mapafu ya mbuzi na kondoo yenye viwavi vya mnyoo. Mayai hutoka kwenye kinyesi cha mbwa, mtu huyameza kwa mikono michafu, na uvimbe wa maji huota kwenye ini au mapafu yake kwa miaka bila yeye kujua. Dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu na kunawa mikono baada ya kumshika mbwa ni sehemu ya mazoezi, kama zilivyo hatua.

MTAALAMU WA AFYA: Basi gharama zijumlishwe kwa uaminifu. Chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chakula, daktari, na muda wa kila siku kwa miaka kumi au zaidi, maana hayo ndiyo maisha ya mbwa. Shirika la moyo la Marekani, American Heart Association, lilitoa tamko mwaka 2013 likisema kufuga mbwa huenda kukasaidia kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Tamko hilohilo likasema mtu asichukue mnyama kwa lengo hilo hasa. Mbwa aliyeletwa ili apunguze tumbo la mtu huanza kutelekezwa siku ambayo tumbo limekataa kupungua. Huishia bandani, kisha barabarani, na barabarani anaongeza idadi ya mbwa wasiochanjwa ambao Daktari amewaeleza. Mtu anayetaka mbwa kwa ajili ya afya ajipime kwanza. Atembee kila alfajiri kwa miezi mitatu bila mbwa. Akiweza, hamhitaji. Asipoweza, mbwa atateseka.

MWENYE MBWA: Kipimo hicho kinamtupa nje mtu ambaye mbwa angemsaidia zaidi ya wote. Wapo watu ambao hawawezi kujitoa nje kwa ajili yao wenyewe, lakini hawajawahi kushindwa kuamka kwa ajili ya anayewategemea. Mama huamka usiku mara tatu kwa mtoto, na mwenyewe akiumwa hulala bila dawa. Mtu wa aina hiyo ataanguka kwenye jaribio la miezi mitatu, na bado angemtembeza mbwa wake miaka kumi.

DAKTARI WA MIFUGO: Jaribio lenyewe libadilishwe. Karibu kila mtaa una mbwa mwenye mzee asiyeweza tena kutembea naye, au mwenye bwana anayerudi nyumbani saa mbili usiku. Anayetaka kufuga amwombe huyo kwa miezi mitatu, asubuhi na jioni, masika yakiwemo. Atajua kama anaamka. Atajua pia kama mgongo wake unastahimili kuvutwa, na kama watoto wake wanamwogopa mbwa au la.

JIRANI: Na kabla ya kumtoa getini siku ya kwanza, aonyeshwe cheti cha chanjo, kisha apite nyumba za jirani kuwaarifu ni njia ipi atapita na saa ngapi.

MTAALAMU WA AFYA: Akipita nyumba zote hizo kwa miguu, dakika zake za wiki zimeanza kuhesabika kabla ya mbwa.

MWENYE MBWA: Na aliyemtoa nyumbani bado ni mbwa.